Miezi Minane Chini ya Jiwe

Kama leo umetoka hospitali na kikaratasi mkononi, na umeambiwa dawa ni miezi minane, kaa chini kwanza. Popote ulipo, kaa. Mimi sikukaa. Nilitoka pale Moshi mjini nikaanza kurudi kwetu Mwika kwa miguu, basi la kwetu likanipita mara tatu, kondakta ananiita kwa jina, mimi nasikia kama anaita marehemu. Nilikuja kushtuka nipo Himo, soli ya kiatu imeisha, na kile kikaratasi nimekishika kwa nguvu mpaka maandishi yamehamia kwenye kiganja.

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo usitegemee nikueleze kifua kikuu kinaingia vipi na kinatoka vipi. Hayo waulize waliosoma. Mimi nitakueleza benchi la kusubiria lilivyo gumu, na jinsi mke anavyokutazama ukikohoa, na habari ya vidole. Nikiongeza chumvi kidogo utanisamehe. Lakini nitakapokuambia niliogopa, hapo hakuna chumvi.

Kazi yangu miaka ile ilikuwa kubeba mizigo ya wageni mlimani, kupitia geti la Marangu. Hiyo ilikuwa kazi. Raha yangu ilikuwa jiwe. Chini ya kihamba chetu, shamba la ukoo, pale migomba inapoishia na bonde linaanza, kuna jiwe moja pembeni ya mto. Ni kubwa kiasi kwamba upande mmoja ukiwa asubuhi, upande wa pili watu wameshakula cha mchana. Tangu utoto tulilipanda kwa mikono na miguu, bila kamba. Ukianguka umeanguka.

Halafu akaja mzungu mmoja mrefu, mwembamba kama mwanzi, ambaye nilimbebea begi. Alisikia habari za jiwe, akaacha kupumzika hotelini, akakaa kwetu siku tisa. Kumbe mchezo wetu wa utotoni huko kwao watu wazima wanaufanyia mazoezi kama jeshi. Akatufundisha, mimi na rafiki yangu Godlisten, kuning'inia kwa vidole kwenye boriti ya banda la ng'ombe. Akatufundisha kwamba unapanda leo, kesho unapumzika, maana nguvu inaingia ukiwa umekaa. Kwamba kabla hujagusa jiwe unalipanda kwanza kwa macho, hatua kwa hatua, mpaka juu. Kwamba ukiogopa, vidole vinakamua zaidi ya inavyotakiwa na vinachoka bure. Kuhusu chakula hakuwa na la kutufundisha. Alionja kiburu cha mke wangu, ndizi na maharage vimepondwa pamoja, akaongeza sahani mbili.

Mengine tulijitengenezea. Chini ya jiwe tukaweka magunia yaliyojazwa majani makavu ya mgomba, ukianguka unalala kama mtoto wa askofu. Mikononi, badala ya ule unga mweupe aliopaka mzungu mikono isiteleze, tukapaka majivu ya jikoni. Na nakuambia nikawa hodari. Nilikuwa naweza kuning'inia kwenye boriti kwa vidole vinne kuanzia ng'ombe anapoanza kukamuliwa mpaka anamaliza, na ng'ombe wetu alikuwa na maziwa mengi. Watu wakaniita Mjusi. Upande wa mtoni, ambao ni mgumu kuliko pande zote, tuliupanda watu wawili tu duniani, mimi na yule mzungu, na yeye alilia kwanza.

Masika ya mwaka uliofuata nikaanza kukohoa. Na hapo sikiliza kosa langu la kwanza, usilirudie. Mimi sikuona ugonjwa. Niliona mazoezi hayatoshi. Nikifika katikati ya jiwe pumzi inakata, vidole vinafunguka vyenyewe, nachuruzika mpaka kwenye magunia, Godlisten ananicheka kwamba Mjusi amekuwa konokono. Basi mimi nikaongeza. Siku ya kupumzika nikaifuta. Nikaning'inia asubuhi na jioni, nikala kwa watu watatu, na bado nakonda. Nilikonda mpaka kivuli changu kikawa kinanisubiri nipite kwanza kione kama kweli ni mimi. Kikohozi kilisikika Taveta ng'ambo ya mpaka, watu wa forodha wakajua Mjusi ameamka. Shuka zikawa zinaloa jasho kama tumelala mtoni.

Ukikonda miaka ile, watu walishakupa jina la ugonjwa kabla ya daktari. Nikipita njiani salamu zikawa fupi. Mwenye duka akaanza kuniwekea chenji kwenye meza badala ya mkononi. Nilikuwa nafanya utani, ningefanya nini, lakini nikifika nyumbani najipima mkono kwa vidole, kidole gumba na cha kati, naona vinavyokutana na kupitilizana.

Siku niliyotema damu nilikuwa chini ya jiwe peke yangu. Nikaifukia kwa mguu. Sikujua mke wangu alikuwa anakuja nyuma yangu amebeba majani ya ng'ombe. Alipeleka majani kwa ng'ombe kwanza. Alisema jikoni, akiwa amenipa mgongo.

"Baba Haika, kesho tunaenda Moshi. Ukikataa namwita mama yako, aje akuulize ulikuwa unafukia nini."

Mama yangu ni mama wa kanisani, akianza kulia analia na kwaya nzima. Tukaenda Moshi.

Benchi la kusubiria. Ndugu yangu, lile benchi nimelikalia mpaka nikajua kila msumari. Watu ishirini, wote wanajizuia kukohoa, maana mmoja akianza wote wanafuata. Unapewa kopo dogo lenye kifuniko, unaambiwa ulete makohozi ya asubuhi, na mtu mzima mwenye ndevu unatembea mjini umeficha kopo lako kwapani kama yai la kuiba. Unasubiri picha ya kifua. Unasubiri majibu. Jina likiitwa si lako, unafurahi, halafu unaona aibu kwamba umefurahi.

Ukutani palikuwa na picha kubwa, kwa sababu kliniki yenyewe ni moja kwa magonjwa mawili, kifua kikuu na ukoma. Upande mmoja mtu anakohoa amefunika mdomo. Upande wa pili mkono. Vidole vya ule mkono vilikuwa vimeishia katikati, kama mishumaa iliyosahauliwa inawaka. Nilibadilisha mahali pa kukaa mara nne, na kila nilipokaa ule mkono ulikuwa unanitazama mimi.

Majibu nikayafuata siku nyingine peke yangu, kifua kikuu, miezi minane. Ule ugonjwa mwingine walionipa majirani nao wakaupima, na haukuwepo, nashukuru Mungu. Nikamuuliza daktari kama nitaweza kupanda. Akadhani nasema mlima, akasema tutaona. Sikumsahihisha. Mtu unaambiwa mapafu yako yametoboka, unaulizaje habari za jiwe? Lakini ndilo nililokuwa naliogopa kuliko vyote, kuliko hata kufa. Kufa wanakufa watu wengi. Mimi bila lile jiwe nilikuwa nabaki mbeba mizigo mmoja kati ya mia saba, na sasa hata mizigo hawanipi.

Dawa nilianza wakati wa baridi ya mwezi wa sita, ukungu umefunika migomba mpaka saa nne. Miezi miwili ya kwanza ni kila asubuhi, unashuka zahanati na kumeza mbele ya nesi. Wa kwetu alikuwa Sista Felista. Mfupi, mkali, ukishameza anakuambia fungua mdomo, anachungulia chini ya ulimi kama anatafuta mwizi. Vidonge vyenyewe vikubwa, ningeweza kujengea ukuta. Siku ya kwanza mkojo ukatoka mwekundu kama soda ya machungwa, nikapiga kelele chooni mpaka jirani akaja na panga.

Siku hiyo ya kwanza Sista Felista aliniuliza maswali yote ya kwenye kadi, mke wangu yupo.

"Unavuta?"

"Hapana, Sista."

"Unakunywa pombe?"

"Hapana, Sista."

"Usije ukaonja, mpaka umalize dawa. Unanisikia?"

Nikamsikia. Na sikudanganya. Bia sikuwa nainywa, gongo ndiyo kabisa.

Nyumbani mambo yakabadilika. Nikawa na kikombe changu, sahani yangu, kijiko changu, vyote vimefungwa uzi mwekundu. Nikahamia chumba cha stoo, nalala na magunia ya mahindi. Mtoto wetu Haika, wa miaka minne, akapimwa, akapewa dawa ya kumkinga, akakatazwa kunipanda mgongoni, na mimi ndiye jiwe lake la kwanza. Alikuwa anasimama mlangoni anauliza, baba leo umepona? Kesho yake tena, baba leo? Mke wangu alifanya kazi za kwake na za kwangu. Hakulalamika, na ningependa angelalamika. Alikuwa anapita na ndoo, ananiangalia kifuani, siyo usoni, anaangalia kama kinapanda na kushuka.

Lakini mwili ukaanza kurudi. Wiki ya sita kikohozi kikapungua, Taveta wakapata usingizi. Kwenye mizani ya zahanati nikapanda kilo mbili, halafu tatu. Mwisho wa mwezi wa pili nikapeleka makohozi, yakaonekana safi. Jioni ile mke wangu alinimiminia chai kwenye kile kikombe cha uzi mwekundu, akaniletea, halafu mbele ya mama yangu na majirani waliokuja kutujulia hali akakichukua mkononi mwangu, akanywa funda moja, akanirudishia. Akaenda zake kukamua. Daktari aliniambia nimepata nafuu kwa maneno mengi, lakini mimi nililiamini lile funda.

Sasa inakuja sehemu ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikuandikie.

Nina shangazi anaitwa Manka, dada wa marehemu baba yangu. Hakuna mtu anayepika mbege kama yeye kuanzia Mwika mpaka mbinguni. Ndizi zake zinaiva kwa adabu, ulezi anaukagua punje kwa punje. Alipoona nimekonda alichukia kama nimemtukana. Tangu wiki ya pili ya dawa alikuwa anakuja na kibuyu. Nikamwambia, shikamoo shangazi, Sista amekataza pombe.

Akaangalia nyuma yake kama kuna mtu amekuja na pombe. "Iko wapi pombe? Hiki ni chakula, mwanangu. Ni ndizi na ulezi. Baba yako alikunywa hii kabla hajaota meno."

Na mimi nikaona amesema kweli. Mke wangu naye akaona amesema kweli. Mama yangu, mtu wa kanisani, naye alisema afadhali, itamrudishia damu. Kwetu pombe ni kitu cha dukani, chenye kizibo, au kile cha kujificha. Mbege ni ya ubatizo, ya posa, ya kusuluhisha mpaka wa shamba, ya mzazi. Mtu hajawahi kusema leo nimelewa mbege, anasema leo nimeshiba. Basi kata mbili kila siku, asubuhi baada ya dawa na jioni kabla ya supu ya mtori. Siku ya soko tatu. Na kilo zilikuwa zinapanda, nani angebisha?

Mwezi wa tatu ulipoanza dawa zikawa za kuchukua na kumezea nyumbani. Nikajiona nimepona. Nikarudi kwenye boriti kwa siri, nikaning'inia, na vidole vikawa kama si vyangu. Mwanzo ni kama sisimizi wanatembea kwenye ncha. Halafu sisimizi wakaondoka wakaacha pamba. Nikashika nywele za Haika sikuzisikia. Nikajiambia ni mazoezi, sijazoea. Angalia mtu asivyojifunza. Nikaongeza mazoezi, na kwa kuwa mazoezi yanataka lishe, nikaongeza na kata ya tatu.

Asubuhi moja mke wangu alitoka kuchota maji, nikaipua sufuria ya maziwa jikoni. Nikaibeba vizuri tu mpaka mezani, naimba. Nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Nikatafuta, labda ni kuni, labda ni kitambaa. Ilikuwa mimi. Mpini wa sufuria ulikuwa umekaa motoni muda wote, na kiganja changu kilikuwa kimeanza kutoka ngozi, na sikuwa nasikia kitu.

Nilikaa chini pale pale. Ile picha ya ukutani ikanijia yote. Nikajua ndiyo hiyo. Nilikaa kwenye benchi moja na ukoma, umenizoea, umenifuata nyumbani. Nikaanza kuvihesabu vidole, kumi, navihesabu tena kama vinaweza kupungua nikipepesa. Kiganja nikakifunga kitambaa, nikamwambia mke wangu nimejikata na jembe. Wiki mbili nilificha. Nilikuwa naamka natazama mikono kwanza kabla ya kitu chochote. Haika akinisogelea naiweka mifukoni. Mke wangu akaanza tena kunitazama kifuani, kumbe ugonjwa upo mfukoni.

Halafu nikafanya ujinga mkubwa. Nikasema kama vidole vinaondoka, acha nipande upande wa mtoni mara moja ya mwisho navyo. Nikamwita Godlisten aje ashike magunia. Nikapanda kwa macho kwanza, nikapaka majivu, nikaanza. Nilifika kama urefu wa nyumba. Nikashika ukingo ninaoujua kuliko jina la babu yangu, nikaona kwa macho yangu vidole vinne vimekaa mahali pake, nikaegemea. Nikiwa navitazama vikafunguka. Hakuna aliyeniarifu. Nikaanguka, nikapata gunia kwa upande mmoja na mawe kwa upande wa pili, ubavu mmoja ukalia kama kijiti kinachovunjika.

Godlisten hakucheka. Alinifungua kile kitambaa bila kuniuliza, akaona kiganja. "Mjusi, hii siyo ya jembe." Akanipeleka kwa mke wangu kwa bega, akamwambia kila kitu mbele yangu. Mke wangu alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu masika, na sikuweza kumrudishia macho.

Tukaenda kwa Sista Felista. Nikamwambia nina ukoma. Hakushtuka, akavuta kiti. Akanichunguza mgongo, mikono, masikio, akaniambia huo sio. Halafu akaanza kuuliza nameza vipi, nalala vipi, nakula nini. Hapo kwenye chakula nikapata nguvu kidogo, maana nilijua nimefanya vizuri. Nikamtajia uji asubuhi, ndizi na nyama mchana, mtori jioni, maziwa lita nzima, na mbege kata tatu.

Akaacha kuandika. "Na nini?"

"Mbege, Sista. Siku ya soko zinazidi."

"Siku ya kwanza nilikuuliza kama unakunywa pombe."

"Uliniuliza, na nikakuambia kweli. Sinywi."

Akamgeukia mke wangu. Mke wangu naye akamhakikishia, hanywi kabisa, hata harusi ya mdogo wake alikataa bia mbele ya watu.

Sista Felista akaweka kalamu chini, akajifunika uso kwa mikono miwili. Nikadhani analia. Alipoitoa sikujua kama ni hasira au ni kicheko. "Mimi kwetu Machame," akasema. "Mama yangu anapika mbege tangu sijazaliwa. Na nimekaa hapa miaka yote hii nauliza watu habari za pombe."

Akatueleza kwa kifupi. Vidonge vyenyewe vinaweza kulaza vidole, na pombe, ya kizibo au ya kibuyu, inavisaidia kazi. Akaniandikia kwenda Moshi. Huko tena benchi, tena msumari ule ule. Daktari akachukua pini, akanichoma kidole kimoja kimoja nikiwa nimefumba macho, naambiwa niseme nikisikia. Nilikaa kimya nasubiri aanze. Mke wangu akasema ameshamaliza mkono wa kwanza.

Wakanipa kidonge kidogo cha vitamini cha kuongezea kwenye vile vingine, mbege marufuku. Nikamuuliza daktari vidole vitarudi lini. Akasema vinaweza kurudi, vinaweza visirudi. Vingine vinaamka, vingine vinabaki vimelala. Hakuna anayejua mpaka muda upite. Hilo ndilo jibu nililobeba kurudi nalo nyumbani, na nilitamani angesema tu hapana.

Ikabaki Shangazi Manka. Kama wewe si wa kwetu huwezi kuelewa. Mpishi wa mbege akikupa kata, anaonja yeye kwanza mbele yako, kukuonyesha kwamba hajaweka kitu. Akishaonja, wewe ukikataa, umemwambia mbele ya watu kwamba ameweka. Alikuja, akaonja, akaninyooshea. Nikasema, shangazi, siwezi. Akabaki ameninyooshea. "Unataka kusema nimekutilia nini, mwana wa kaka yangu?"

Nikamwonyesha kiganja. Nikamwambia sisikii. Hakuniamini. Akakishika kidole changu cha mwisho, akakiweka mdomoni, akaking'ata. Ana meno sita, lakini anajua kuyatumia. Nikabaki namtazama tu. Alipokitoa, alama za meno zilikuwa zimezama kwenye ngozi, na mimi usoni hata kope haikucheza. Shangazi akakaa chini kwenye mlango na kata yake, akalia bila sauti. Akaondoka na kibuyu. Siku nne hakuonekana. Siku ya tano akaja na maziwa mgando, na tangu siku hiyo, popote penye sherehe alikuwa anakaa karibu yangu, mtu akininyooshea kata anapigwa mkono.

Kahawa ikawa imeiva. Mwaka ule wanunuzi binafsi walikuwa wanapita na magari yao kila kona, kila mtu anachuma haraka. Mimi nikachuma polepole kuliko ajuza. Punje ya kahawa ni ndogo, unaishika, unaizungusha, unaiacha mbichi unachukua nyekundu. Mtu mwenye vidole vizima anachuma anapiga soga. Mimi kila punje niliichuma kwa macho. Nikawa naweka siku moja kuchuma, siku moja kupumzika, na safari hii siku ya kupumzika nilipumzika kweli, nikakaa, nikatulia, nikala, nikamwacha Haika anipande. Kila jioni mke wangu alimwaga maharage, mahindi na mawe madogo kwenye beseni, akanifunga kanga machoni, nikatafuta. Wiki za kwanza niliokota jiwe nikasema harage. Vuli zikaanza. Ndipo siku moja nikasema jiwe, na ilikuwa jiwe, tukaendelea.

Wewe unayesoma, kama vidole vyako au miguu yako imeanza sisimizi, usifiche wiki mbili kama mimi. Sema siku hiyo hiyo. Na ukiulizwa unachokunywa, taja vyote, hata maji ya kisima. Usimpimie nesi maneno. Na usipime kupona kwako kwa nguvu za asubuhi moja. Mimi nilikuwa na asubuhi za simba na jioni za kuku mgonjwa, wiki baada ya wiki.

Krismasi watu wa Dar wakapanda wote, Mwika ikajaa magari, kila kihamba kinachinja. Wakaniuliza, wewe ndiye Mjusi? Nikasema mimi ndugu yake.

Wiki ya mwisho ya dawa ilikuwa mwanzoni mwa Februari, jua kali, mto umepungua. Nilimwomba Godlisten alete magunia yote. Sikumwambia mke wangu. Nilikuwa na vidole vinane. Viwili vya mkono wa kushoto, cha mwisho na jirani yake, vilikuwa bado vimelala, na mpaka leo sijui kama vitaamka au vimehamia huko usingizini.

Nililitazama jiwe muda mrefu mpaka Godlisten akauliza kama tunalinunua. Nikapaka majivu. Nikaanza upande wa mtoni, naviangalia vile vidole viwili kila hatua kama mtu anayechunga mbuzi wa jirani. Miguu ilikuwa na nguvu, pumzi ilikuwepo. Lakini karibu na juu kuna mahali mkono wa kushoto unapita ukingo, unashika nyuma ambako macho hayafiki. Hapo huna cha kuangalia. Nilining'inia pale na mkono wangu umepotelea upande wa pili, na chini nasikia Godlisten anasogeza gunia. Nilikuwa nakamua jiwe mpaka mabega yanauma, na najua nakamua, na siwezi kuacha. Nikasubiri. Nikatafuta kitu chochote kutoka huko nyuma. Na ikaja, kidogo, kwenye kidole cha shahada, halafu cha kati. Baridi. Upande ule jua lilikuwa halijafika, na jiwe lilikuwa na baridi ya usiku. Nikailegeza mikono kidogo, nikavuta.

Juu nililala kifudifudi, natweta kama mbwa. Godlisten alikuwa kimya chini, nikashangaa, yule hawezi kukaa kimya hata kanisani. Nikachungulia. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye magunia. Mkono mmoja kikombe cha maji, mkono mwingine umefumbwa. Sijui alifika saa ngapi, sijui aliona kiasi gani.

"Baba Haika," akasema, hakupaza sauti. "Saa nne imepita. Shuka umeze dawa."

Nikashukia upande wa nyuma, wanakopanda mbuzi. Akanipa vidonge, nikameza. Akasema fungua mdomo. Akachungulia chini ya ulimi, kulia, kushoto, hana haraka. Halafu akanishika mikono, akaigeuza, akaanza kunibana ncha ya kila kidole kwa ukucha wake, kimoja kimoja, anauliza hiki, nasema nasikia, anauliza hiki, nasema nasikia, mpaka akafika kile cha mwisho na jirani yake, hapo sikusema kitu.

"Vinane," akasema. Akafuta majivu mikononi mwangu kwa kanga yake. "Twende, uji unapoa."